Bibi Harusi Anaitwa Shida

Kadi za mchango zilikuwa zinakaribia kwenda kuchapwa, kamati imekaa, soda zimefunguliwa. Ndipo mtu mmoja akacheka jina langu la tatu. Kasheshe ikaanzia hapo.

Sijui mwenzangu wewe na mchumba wako mligombana kwa mara ya kwanza juu ya nini. Wengine huwa ni simu, wengine ni pesa, wengine ni yule "rafiki tu" anayepiga saa tano usiku. Sisi tuligombana juu ya jina.

Ilikuwa Jumapili jioni hapa Mbeya, kikao cha tatu cha kamati ya harusi. Mwenyekiti wetu ni Mnyakyusa wa Tukuyu na, kama nusu ya wajumbe waliokuwepo, jina lake la ukoo linaanza na Mwa-. Akashika karatasi yenye mfano wa kadi, akasafisha koo na kusoma kwa sauti kwamba familia ya Simwinga inayo furaha kukutaarifu kuwa kijana wao anatarajia kufunga ndoa na Agnes Mabula Makoye wa Kasansa, Katavi. Kabla hajafika kwenye namba za kutuma mchango, mjumbe mmoja aliyewahi kufanya kazi Shinyanga miaka mingi akaangua kicheko.

"Jamani, mnajua Makoye ni nini kwa Kisukuma? Ni shida! Ni matatizo! Sasa mnataka watu wachangie shida?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Mchumba wangu akaona aokoe jahazi: "Basi tuandike Agnes Mabula, inatosha. Hilo la mwisho si linaondoka tu? Miezi miwili ijayo anaitwa Simwinga."

Wakapiga makofi. Hakuna aliyeona kwamba mimi nilikuwa nimeshaacha kucheka.

Usiku aliponirudisha nyumbani, nikamwambia kwamba amenidhalilisha. Akashangaa kweli kweli. Akasema mimi ndiye siku zote najitambulisha "Agnes Mabula", kazini, benki, mpaka kwenye simu yake aliponihifadhi mara ya kwanza. "Hata wewe mwenyewe hulipendi hilo jina," akasema. "Sasa leo limekuwa la dhahabu?"

Nilifunga mlango kwa nguvu. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli.

UONGO NILIOUSEMA MAKABURINI

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Mimi nimezaliwa Kasansa, kule Mpimbwe, bonde la Ziwa Rukwa. Nilipochaguliwa kwenda chuo cha mifugo Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, sikujua kabisa kwamba ndani ya eneo lile kuna makaburi ya Wapolandi. Makaburi yenyewe ni karibu 150, yamepangwa vizuri, yametunzwa, na kila moja lina jina.

Wapolandi walifikaje Tengeru? Mwaka 1939 nchi yao ilivamiwa pande mbili, Ujerumani upande mmoja na Urusi ya Kisovieti upande mwingine. Mwaka 1940 na 1941 familia nyingi za upande wa mashariki zilipakiwa kwenye mabehewa ya treni na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Walioachiwa baadaye wakatoka kupitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, wakaletwa Afrika. Hapa Tanganyika waliwekwa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Uganda waliwekwa Masindi na Koja. Tengeru ndiyo ilikuwa kubwa kwa upande wetu, kama watu 5,000, wakiishi kwenye nyumba za duara za kuezekwa kwa nyasi, na shule zao, hospitali yao na kanisa lao. Kambi ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walio hai wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Waliokufa wakabaki.

Tarehe 1 Novemba ya mwaka wangu wa pili chuoni, siku ambayo Wapolandi huwasha mishumaa makaburini, nilimkuta mama mmoja wa makamo kutoka Poland ameinama anasafisha jiwe. Mama yake mzazi alikulia pale kambini. Nikamwamkia, tukaanza kuongea Kiingereza chetu cha kuungaunga, wake na wangu. Nikamuuliza swali lililonisumbua siku nyingi: kwa nini kaburi hili limeandikwa jina linaloishia na -ski, na la jirani jina lilelile linaishia na -ska? Mwandishi alikosea?

Akacheka. "Huyu ni mwanaume, huyu ni mwanamke," akasema.

Basi tukatembea kaburi kwa kaburi, na somo likaanza. Alinieleza kwamba -ski kwa Kipolandi ni kama "wa" yetu ya Kiswahili. Zamani ilikuwa majina ya mabwana wenye ardhi: bwana wa Tarnów akaitwa Tarnowski. Baadaye watu wa kawaida nao wakaanza kuvaa -ski, kwa sababu ilisikika vizuri na ilimfanya mtu aonekane mzito. Si unajua tena, binadamu ni walewale. Majina yanayoishia na -wicz ni ya mwana wa fulani, kwa hiyo Adamowicz ni wa Adamu.

Kisha yapo ya kazi. Kowal ni mhunzi, na kutoka kwake wakapatikana akina Kowalski na Kowalczyk. Hapo nilimwelewa haraka, maana kwetu upande wa Rukwa kila mtoto amesikia habari za Wafipa waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo, na mhunzi hakuwa mtu wa kuchezea. Krawczyk linatokana na fundi cherehani. Wójcik linatokana na mkuu wa kijiji. Yapo ya wanyama: Zając ni sungura, Wróbel ni shomoro, Gołąb ni njiwa, Wilk ni mbwa mwitu. Na jina linaloongoza kwa wingi nchini Poland, lenye watu takriban 200,000, ni Nowak. Maana yake ni mtu mpya, yaani mgeni aliyehamia kijijini na wenyeji wakakosa jina lingine la kumpa.

Akaniambia pia jambo ambalo dada zangu mtalipenda au litawaudhi. Zamani mke wa Nowak aliitwa Nowakowa, na binti yake ambaye hajaolewa aliitwa Nowakówna. Yaani jina tu lilitosha kutangaza kama uko sokoni au umeshachukuliwa! Siku hizi majina hayo yamepungua sana. Leo huko wanandoa hutamka wenyewe siku ya kufunga ndoa: atachukua jina la mume, au mume atachukua la mke, au ataunganisha mawili, au kila mtu atabaki na lake.

Nikakumbuka picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili iliyokuwa ukutani kwetu Kasansa tangu alipotembelea Tanzania mwaka 1990. Mama alikuwa akiipangusa vumbi kila Jumamosi. Kumbe na yeye alikuwa na jina la nyumbani, Wojtyła, kama watu wengine.

Tulipokaribia lango, yule mama akanigeukia. "Na wewe jina lako la ukoo ni nani?"

"Makoye."

"Lina maana gani?"

Msomaji, nilikuwa najua. Mtoto gani wa Kisukuma asiyejua? Lakini ningemwambiaje mgeni aliyetoka mbali na mishumaa yake kwamba mimi ni Agnes Shida? Nikamjibu, "Halina maana. Ni jina tu."

Akaniangalia kama mtu anayenionea huruma. "Kila jina lina maana," akasema. "Labda hujauliza."

Uongo ule niliondoka nao Tengeru pamoja na cheti changu.

NIKAPANDA BASI LA MPANDA

Siku nne baada ya ule ugomvi wa kamati, bila kumuaga vizuri mchumba wangu, nikaomba ruhusa kazini nikaenda nyumbani. Nilikuwa na shughuli Mpanda mjini, kwa hiyo nikaanzia huko, ndipo nikashuka na basi la kupita Sitalike, pale viboko wanapolala kama mawe mtoni, tukakatiza Hifadhi ya Katavi hadi Kibaoni. Kutoka hapo nikachukua bodaboda hadi Kasansa, vumbi mpaka kwenye kope. Ilikuwa Julai, mpunga umeshavunwa, magunia yamepangwa mpaka barazani.

Mpanda nililala kwa rafiki yangu wa sekondari. Wazazi wake ni wa Katumba, makazi waliyopewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 yeye na ndugu zake walikuwa miongoni mwa zaidi ya watu 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Usiku nilipomsimulia mkasa wangu, akacheka. "Afadhali yako una jina la ukoo. Sisi kila mtoto alipewa lake. Mimi Nduwimana, kaka yangu Habonimana. Mimi 'ni wa Mungu', yeye 'aonaye ni Mungu'. Kila ofisi wanatuuliza kama kweli ni ndugu wa baba mmoja."

"Sasa hamkutaka kubadili, mfanane?"

Akanyamaza kidogo. "Baba alitoka Burundi na shati alilovaa," akasema. "Kitu alichoweza kutugawia ni majina. Niyabadili kwa sababu karani anachanganyikiwa?"

Nilisafiri na neno hilo mpaka Kasansa.

BABA ANAHESABU MVUA

Nilipofika, nikapiga goti. "Mwangaluka, baba." Akaitikia, "Mwangaluka, mayu," akanitazama kwa muda. Baba zetu wale hawaulizi upesi. Alisubiri nile, nioge, ng'ombe waingie zizini. Ndipo akasema, "Harusi imeharibika?"

Nikamwambia haijaharibika. Nikamweleza habari ya kadi, ya kicheko, na ya kwamba watu wanataka jina la babu liondoke. Sikumficha na la kwangu, kwamba hata mimi nimekuwa nikiliacha miaka yote. Nilitegemea akasirike. Hakukasirika. Akaniuliza, "Unajua kwa nini babu yako aliitwa Makoye?"

Nikasema alizaliwa wakati wa shida.

"Shida gani?"

Nikakosa jibu. Miaka yangu yote, sijawahi kuuliza.

Baba akaniambia kwamba kabla ya babu, mama yake alikuwa amezika watoto watatu. Watatu, mmoja baada ya mwingine. Babu alipozaliwa, watu wakaja kumwona mzazi wakiwa wamekaa kimya, hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele. Mama yake ndiye aliyesema mtoto aitwe Makoye, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya nyumba siku ile, na kwa sababu mtoto mwenye jina la namna hiyo nani atamwonea wivu? Hata kifo kitampita. Na kweli kikampita. Makoye akakua, akaoa, akawa na ng'ombe.

"Halafu jua likapiga," baba akaendelea. "Ng'ombe wakaisha, nyasi zikaisha. Mama yangu ana mimba yangu. Usiku niliozaliwa ikanyesha. Ndiyo maana mimi ni Mabula."

Mbula ni mvua, hilo nalijua. Lakini sikuwahi kuyasoma majina yangu kwa mpangilio ule. Nilikuwa naona Mabula ni jina zuri na Makoye ni jina baya, basi. Kumbe yalikuwa habari moja. Baba akasema kwa utaratibu, kama anayemweleza mtoto mdogo: "Ukiandika Mabula peke yake, mtu ataona mvua tu. Hatajua ilinyesha baada ya nini."

Nililia, sikufichi. Akaniacha nilie, kisha akacheka na kuniambia kwamba hata yeye alipofika hapa Mpimbwe na mifugo yake, miaka ya 1980, akitokea kwetu Usukumani kupitia Tabora, hakuna aliyemwita Mabula. Wenyeji Wapimbwe walimwita "yule mgeni" miaka mingi tu. Nikamwambia huko Poland angeitwa Nowak. Akajaribu kulitamka, likamshinda, akasema heri mvua.

SHANGAZI WA TUNDUMA AAMUA KESI

Niliporudi Mbeya, mchumba wangu alikuwa amekonda kwa hasira na wasiwasi. Tukakaa chini, safari hii bila kamati. Nikamsimulia kila kitu: makaburi ya Tengeru, uongo wangu, watoto watatu, mvua. Nikamwomba radhi kwa kuondoka vile. Naye akaniomba radhi kwa utani ule mbele ya watu. Halafu akasema neno ambalo hakuwahi kuniambia: "Mimi niliogopa. Nilidhani hutaki jina langu, maana yake hunitaki mimi."

Unaona? Wiki nzima tulikuwa tunagombania kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Mimi nilihisi anafuta watu wangu. Yeye alihisi nawakataa watu wake.

Tukaamua kumpigia shangazi yake Tunduma, dada mkubwa wa marehemu baba yake, ambaye kwenye ukoo wao neno lake ni la mwisho. Akaweka simu ya sauti kubwa.

"Shikamoo shangazi. Agnes akiolewa aitwe Simwinga au abaki na jina la baba yake?"

Kimya. Kisha: "Mwanangu, wewe umesoma mpaka chuo kikuu, mimi naitwa nani?"

"Namwinga, shangazi."

"Na marehemu baba yako?"

"Simwinga."

"Basi umejibiwa. Sisi Wanyamwanga, Si- ni ya mwanaume, Na- ni ya mwanamke. Ukimwita mkeo Simwinga unamwita mwanaume. Na mimi niliolewa miaka 40 iliyopita, nani aliniondolea Namwinga yangu? Muulize mama yake na huyo mtoto kama wamekula. Kwaheri."

Tukacheka mpaka machozi. Nilimkumbuka yule mama wa Tengeru na -ski na -ska zake. Huku kwetu, Nyamwanga na Mambwe wanaweka mwanzoni kile ambacho Mpolandi anaweka mwishoni: Sikazwe na Nakazwe, Simwinga na Namwinga. Wajaluo nao wana Otieno na Atieno kwa waliozaliwa usiku. Wakalenjin wana Kip- na Chep-. Dunia pana, lakini maswali ya ndani ya nyumba yanafanana.

Kadi zikachapwa. Ziliandikwa Agnes Mabula Makoye, herufi kubwa, za dhahabu. Yule mjumbe wa Shinyanga ndiye aliyepeleka kadi nyingi kuliko wote, na kila aliyempa alimweleza habari ya watoto watatu na mvua. Nasikia watu walichanga vizuri tu.

Sasa ni mwaka na ushee tangu tufunge ndoa. Nina mimba ya miezi saba. Mtoto atakuwa wa ukoo wa baba yake. Akiwa wa kiume Simwinga, akiwa wa kike Namwinga, shangazi ameshasema na hakuna rufaa. Lakini jina la nyumbani litatoka Kasansa. Baba ameambiwa achague, amekataa. Amesema jina halichaguliwi mapema, tusubiri tuone siku hiyo kutakuwa na nini.

Yule mama wa Poland sikuwahi kuchukua anwani yake. Ningemwandikia mstari mmoja tu: Nimeuliza.

KABLA HAMJACHAPISHA KADI

Haya ni machache niliyojifunza, huenda yakakusaidia wewe na mwenzi wako:

Ongeeni mapema. Suala la jina lisisubiri kamati. Mkiwa wawili tu, kila mmoja aseme anachotaka na anachoogopa. Mara nyingi hofu ndiyo inayopiga kelele.

Sheria haikulazimishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kwamba mwanamke wa Tanzania ni lazima achukue jina la mume. Ukitaka kulichukua ni hiari yako, na ukitaka kubaki na lako hujamkosea mtu.

Hesabu usumbufu. Kubadili jina kuna mlolongo: hati ya kubadili jina, kitambulisho cha Taifa, pasipoti, benki, mwajiri. Vyeti vyako vya shule vinabaki na jina la zamani, na utakuwa ukieleza kila unapoomba kazi.

Usicheke jina la mwenzako mbele ya watu. Hata kama yeye mwenyewe hulicheka. Analicheka kwa sababu zake.

Uliza wazee wakiwa hai. Usiulize maana tu, maana wengi tunaijua. Uliza siku ile kulikuwa na nini.